Tumeacha kulipia TV, sasa tunaangalia za hewani

Swali la kwanza analouliza kila mtu akisikia tumeacha kulipia king'amuzi ni "sasa mnaangalia nini?", na wanauliza kwa huruma kabisa kama vile tumekatiwa maji. Jibu ni kwamba tunaangalia TV. Taarifa ya habari ipo, tamthilia zipo, katuni zipo ila sio saa zote, mpira upo ila sio wote, na hayo mawili ya mwisho ntayarudia maana ndo yaliyoleta kelele ndani ya nyumba.

Niseme mapema, hatukuacha kwa sababu ya kubanwa sana na hela. Ila kila mwezi ikifika siku ya kulipia nilikuwa najiuliza hivi tunalipia nini hasa, namuuliza baba watoto ananijibu "chaneli", namuuliza zipi, anataja mbili. Na kwenye rimoti zipo zaidi ya mia. Basi nikaanza kuwaangalia watu wangu kimya kimya bila kuwaambia, yaani nikipita sebuleni naangalia tu pembeni ya skrini kuna nembo ya chaneli gani. Haikuchukua muda picha ikawa wazi. Mama mkwe anakaa kwenye chaneli moja tangu jioni mpaka anasinzia, na hiyo chaneli ni ya bure. Baba watoto ni habari na mijadala, za bure pia. Binti mdogo katuni tupu. Kijana mkubwa mpira, na baada ya mpira uchambuzi wa mpira, na baada ya uchambuzi marudio ya mpira ule ule. Mi mwenyewe nikibahatika kushika rimoti naangalia kilichopo. Kwa hiyo watu watano ndani ya nyumba, watatu tulikuwa tunalipa ili tufunguliwe vitu ambavyo kila siku vinapita juu ya paa letu bure.

Na hicho ndo kitu nataka watu wakielewe kwenye hii stori yote. Mawimbi ya TV za bure yako hewani saa hizi unavyosoma hapa. Yanapita ukutani, yanapita sebuleni, mnara unaoyarusha hauna habari kama wewe una antena au huna. Wakiangalia watu elfu moja au wakiangalia milioni, mnara unatumia umeme ule ule, na mtu mmoja zaidi akiwasha TV yake hakuna jirani anayekwama. Intaneti haiko hivyo, kule kila anayestrimu anatumiwa nakala yake peke yake, ndo maana siku ya mechi kubwa kile kiduara kinazunguka mpaka unasikia majirani wanashangilia goli wewe kwako bado mpira uko katikati ya uwanja. Halafu kuna bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, sasa piga hesabu ya mama mkwe anayewasha TV kuanzia mchana mpaka anakwenda kulala. Kwa hiyo wale wa "achana na king'amuzi, weka intaneti" mi nawasikiliza tu, kwa nyumba ya watu wengi kama yetu hiyo ni kutoka kwenye bili moja kuingia kwenye nyingine.

Bure sio kwamba hakuna anayelipa, tuelewane. Kuna matangazo ya biashara, na kuna nchi ambazo serikali inaweka hela, na kuna nchi kila nyumba inachangia kwa lazima, Uingereza wana leseni ya TV inayoendesha BBC, Japani wana ada ya NHK, Ujerumani kila kaya inalipa mchango wa utangazaji uwe na TV au usiwe nayo. Ila tofauti na king'amuzi cha kulipia ni kwamba hapa mawimbi hayajafungwa. Kwenye kulipia picha inarushwa ikiwa imevurugwa makusudi, na kile kikadi unachochomeka kwenye king'amuzi kazi yake ni kusaidia picha irudi sawa, hela ikiisha kinaacha kufanya kazi. Mawimbi yanaendelea kuja pale pale kwako, ila huyaoni.

Sasa njia ziko mbili, dishi na antena, na watu wanazichanganya sana. Dishi linachukua kutoka kwenye setilaiti iliyoko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, antena inachukua kutoka kwenye mnara wa hapa hapa chini. Dishi la zamani la kulipia usilitupe, maana lenyewe ni sahani tu haina kampuni, na kwenye setilaiti nyingi kuna chaneli zinazorushwa wazi bila kufungwa, unachohitaji ni risiva ya FTA, yaani ya chaneli za wazi zisizolipiwa, na pengine kugeuza dishi lielekee setilaiti nyingine. Mafundi wa madishi wanajua hizi setilaiti kwa namba za digrii, waulize. Ubaya wa dishi ni mvua, masafa yake ni ya juu sana, yale yanayoitwa Ku yako huko GHz 11 na 12, mvua kubwa ikishuka mawimbi yanaishia kwenye matone. Masafa ya antena ni ya chini zaidi, mvua yenyewe haiyasumbui sana. Sie tumeanza na antena, dishi liko pale pale juu limepumzika, baba watoto anataka lishushwe mi nataka libaki, ntakwambia baadaye kwa nini.

Haya, antena. Hapa ndo watu wanaibiwa. Ukienda kununua utakuta boksi limeandikwa antena ya dijitali, antena ya HD, antena ya 4K, inavuta kilomita sijui mia tatu. Hakuna kitu kinaitwa antena ya dijitali jamani. Antena ni vyuma vilivyokatwa kwa urefu unaoendana na wimbi, haijui kama kilichomo ndani ya wimbi ni analojia au dijitali, HD au sio HD, hayo ni mambo ya kisimbuzi, yaani kile kinachogeuza mawimbi kuwa picha, kiwe boksi la nje au kiwe ndani ya TV. Sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika TV za UHF, yaani lile fungu la masafa linalotumiwa na TV nyingi za antena, zinarushwa kati ya MHz 470 na 694. Kwenye MHz 500 wimbi moja lina urefu wa sentimita 60, nusu yake ni 30, na ukiangalia vijiti vya antena za nje utaona vinacheza humo humo, sio bahati. Ule muundo wa bomba moja lenye vijiti vingi vilivyopangwa kimoja mbele ya kingine ulitengenezwa Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi kwenye chuo kikuu cha Tohoku kule Sendai, na mpaka leo ndo ule ule, karibu miaka mia moja. Dunia inaiita Yagi peke yake wakati Uda ndo aliyetoa jasho kubwa. Hayo nayaacha, ila nikiangalia juu ya paa huwa namkumbuka Uda.

Kwa hiyo antena ya baba yako ya enzi za TV za chogo, kama haijaoza na ilikuwa ya UHF, inawezekana kabisa inafanya kazi leo. Jaribu kwanza kabla hujatoa hela.

Kuhusu kilomita zilizoandikwa kwenye boksi, zipuuze. Mawimbi ya UHF yanakwenda moja kwa moja, hayapendi milima, hayapendi magorofa, na dunia yenyewe ni duara kwa hiyo ukifika mbali mnara unazama nyuma ya upeo. Antena ya mita tano juu na antena ile ile mita kumi juu ni vitu viwili tofauti. Na kama paa lako ni la bati halafu umeweka antena ya ndani nyuma ya TV, umeiweka chini ya kofia ya chuma, usishangae ikipata chaneli mbili. Antena ya ndani inafaa kwa mtu aliye karibu na mnara, na hata huyo aiweke dirishani, dirisha la upande wa mnara.

Utajuaje mnara uko wapi? Kuna nchi mamlaka ya mawasiliano inaweka ramani, lakini njia ya haraka ni kutoka nje ukaangalia antena za majirani zimeelekea wapi. Angalia na vijiti vimelala au vimesimama, hii watu wengi hawaijui, mnara unarusha mawimbi yaliyolala au yaliyosimama na antena yako inatakiwa ifuate, ukilaza vijiti wakati mnara unarusha ya kusimama unapoteza signali nyingi sana hata kama umeelekeza sawa sawa kabisa. Kama majirani wote wamesimamisha vijiti, wana sababu.

Aliyepanda juu ni kijana mkubwa, mi nilibaki ndani na rimoti, na mama mkwe alikaa mlangoni kupeleka ujumbe. Zamani kazi hii ilikuwa rahisi, mtu anazungusha bomba nje, wewe ndani unapiga kelele "hapo hapo! rudisha kidogo!" na picha inabadilika hapo hapo unaona. Dijitali haiko hivyo. Ukigeuza, kisimbuzi kinahitaji sekunde kadhaa kujua kimepata nini, kwa hiyo anayezungusha kwa pupa anaipita sehemu nzuri bila mtu yeyote ndani kuona kitu. Geuza kidogo, subiri, geuza kidogo, subiri. Kijana hana huo uvumilivu, bibi yake alikuwa anamwambia "mjukuu wangu taratibu, hiyo sio feni".

Na usiangalie picha, fungua menyu ya kisimbuzi kuna mistari miwili, mmoja ni nguvu ya signali na mwingine ni ubora. Ubora ndo wa kufuata. Nguvu inaweza ikawa imejaa kabisa na picha hakuna, maana nguvu inahesabu kila kitu kinachoingia pamoja na uchafu, mawimbi yaliyogonga ukuta wa jengo yakarudi, kelele za umeme, kila kitu. Sie mahali ambapo nguvu ilikuwa juu zaidi hapakuwa mahali pa ubora, tulikuja kupata ubora mzuri pembeni kabisa ya paa, mbali na tenki la maji, na hapo ndo tukafunga.

Ila sasa jua hii tofauti, maana inawachanganya sana watu wa umri wetu. Enzi za analojia signali ikiwa mbovu unapata chenga, sauti inakwaruza, lakini mechi unaangalia, wachezaji unawaona vivuli vivuli na unashangilia. Dijitali ina mpaka. Juu ya mpaka picha ni safi kabisa, haina hata doa, na chini ya mpaka kidogo tu picha inagandaganda vipande vipande halafu giza. Hakuna katikati. Kwa hiyo ukifunga antena siku nzuri na ubora ukawa umekaa pale pale mpakani, picha utaiona nzuri na fundi utamlipa, halafu siku miti ya jirani ikilowa maji unapoteza nusu ya chaneli na unaanza kulaumu kituo cha TV. Tafuta ubora wenye akiba.

Waya nao. Nunua ule mnene wa ohm 75 wanaouita RG6, na uwe mfupi iwezekanavyo, maana huo mnene mzuri wenyewe kwenye masafa ya TV unakula kama dB 5 kwa kila mita 30, yaani zaidi ya nusu ya kile ulichokivuna juu kinaishia njiani. Ule mwembamba wa bei chee ndo usiseme. Viungio vya nje vifungwe vizuri maji yasiingie, na bomba lisikae karibu na nyaya za umeme, hilo sio la mjadala, na kama eneo lako lina radi liunganishwe na ardhi.

Halafu busta. Kila mtu atakwambia weka busta. Busta inakuza kilichoingia, haitengenezi kitu ambacho hakipo, ukikuza uchafu unapata uchafu mkubwa. Kama unaihitaji basi ikae juu kule karibu na antena kabla waya haujala signali, sio nyuma ya TV, na ukiwa karibu na mnara usiweke kabisa maana kisimbuzi kinazidiwa na unapoteza hata zile ulizokuwa nazo. Watu wanashangaa, wanaitoa busta ndo chaneli zinarudi. Na kama una TV mbili ukagawanya waya kwa splita, kila upande unapata chini ya nusu. TV ya chumbani kwa mama mkwe ilipoungwa ile ya sebuleni ikaanza kuganda chaneli moja moja, hapo ndo busta ilikuwa na maana na ndo tulipoinunua.

Kisimbuzi chenyewe, kama TV yako ni ya miaka ya karibuni inawezekana kipo ndani tayari na huhitaji boksi lolote. Angalia kwenye kitabu chake au nyuma yake kama imeandikwa DVB-T2, huo ndo mfumo mpya wa TV za dijitali za antena. Iliyoandikwa DVB-T tu haisomi T2, ila ya T2 inasoma zote mbili, na nchi nyingi zilizohamia dijitali baadaye zilikwenda moja kwa moja T2. Ukiagiza TV kutoka Marekani au Japani ndo utalia, maana Marekani wanatumia ATSC na Japani ISDB-T, mfumo mwingine kabisa, skrini ni nzuri ila kwa antena ni kipofu mpaka uweke boksi la nje.

Baada ya hapo unasachi chaneli, na hili la kusachi linatakiwa lifanyike mara kwa mara, sio mara moja ukasahau. Vituo vinahamishwa masafa. Mwaka 2006 kule Geneva nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana kugawana upya masafa ya TV na analojia ikapewa mwisho tarehe 17 Juni 2015, kuna waliowahi, Berlin walizima toka 2003, Marekani vituo vikubwa 2009, Uingereza walimaliza Oktoba 2012 na Tanzania wakaanza kuzima tarehe 31 Desemba mwaka huo huo. Sasa dijitali inabana, kwenye nafasi iliyokuwa inabeba chaneli moja ya analojia unaingiza chaneli nyingi, nafasi ikabaki, na wenye simu wakaitaka. Wakapewa MHz 800, baadaye 700. Ndo maana kuna siku unaamka chaneli tatu hazipo na hakuna aliyekuibia, wamehamishwa tu, sachi upya. Na kama mnara wa simu uko karibu na kwako na picha inakatika bila sababu, kuna kifilta kidogo cha 4G kinachomekwa kwenye waya wa antena, ni kitu kidogo tu lakini kinasaidia.

Basi tuje kwenye binadamu.

Mama mkwe hakugundua. Nasema kweli, siku ya kwanza alikaa kwenye kiti chake akawasha chaneli yake akaangalia tamthilia yake, kesho yake ndo akaniuliza "mama, mbona leo picha ni nzuri?" Sijui kama kweli ilikuwa nzuri zaidi au macho tu, ingawa ile ya king'amuzi wakati mwingine inabanwa zaidi ili chaneli nyingi zienee, kwa hiyo inawezekana kabisa aliona vizuri. Malalamiko yake ni moja, namba zimebadilika, chaneli yake ilikuwa namba ndefu sasa ni namba fupi na mkono wake bado unabonyeza ya zamani.

Binti mdogo ndo alilia. Alikuwa na chaneli za katuni za masaa ishirini na nne na akili yake ilikuwa inajua kwamba katuni ni kitu kinachotoka muda wowote ukikitaka. Sasa kuna katuni asubuhi wikiendi na jioni kidogo, na ikiisha imeisha, inaingia habari ya bei za mazao na yeye anabaki anaiangalia kama mtu aliyetukanwa. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu sitaki kudanganya. Alianza kuuliza saa, "mama bado dakika ngapi", na hapo hapo akajifunza kusoma saa ya ukutani jambo ambalo shule walikuwa wanahangaika nalo. Simsifii mtu, ilikuwa shida yake mwenyewe. Siku nyingine anaacha kuangalia anaenda kucheza nje, siku nyingine anakaa analia chini ya meza, inategemea.

Tulichomfanyia ni flashi. Visimbuzi vingi vya T2 vina tundu la USB na vinarekodi, unachomeka flashi unaweka saa ya kuanza na kumaliza, kinarekodi hata kama TV yenyewe imezimwa ilimradi kisimbuzi kina umeme. Kwa hiyo katuni za asubuhi zinakuja kuonekana mchana. Angalizo tu, kuna visimbuzi vinavyorekodi kwa namna ambayo faili halifunguki kwenye kompyuta wala kwa jirani, ni kwa kisimbuzi hicho hicho tu, na kingine ukirekodi chaneli moja huwezi kuangalia nyingine ya masafa tofauti. Uliza kabla hujanunua, wauzaji hawasemi.

Baba watoto yeye shida yake ni matangazo ya biashara. Analalamika sana, yaani mtu anayelalamika matangazo ya TV ya bure wakati kwenye ile ya kulipia matangazo yalikuwepo pia na alikuwa ananyamaza. Hilo mi ndo liliniudhi kuliko yote kule, kulipia na bado unaonyeshwa sabuni. Kwenye bure naonyeshwa sabuni na naelewa kwa nini.

Haya mpira. Hapa sina cha kumpoza mtu. Ligi kubwa za Ulaya haki zake ziko kwa wanaolipisha na zitaendelea kuwa huko, ndo biashara yao yote imesimama hapo, vile vichaneli mia vingine ni vya kujazia. Zipo nchi zimeweka sheria kwamba mashindano fulani lazima yapatikane kwenye TV ya bure. Uingereza wana orodha chini ya sheria ya utangazaji ya 1996, Kombe la Dunia, Olimpiki, fainali ya FA na fainali za Wimbledon zimo. India wana sheria ya 2007 inayomlazimisha mwenye haki za mashindano yenye umuhimu wa kitaifa kumpa picha Prasar Bharati ambao ni watangazaji wa umma. Nchi za Ulaya zinaruhusiwa kuweka orodha zao. Ukiziangalia orodha zenyewe utaona zinalinda mashindano makubwa ya mara moja moja, na mechi za ligi za kila wikiendi mara nyingi hazimo. Kwa hiyo kijana wangu atapata Kombe la Dunia sebuleni, ila mechi ya timu yake Jumamosi jioni anaenda kuitafuta kwa rafiki yake au anasubiri magoli kwenye simu. Na hataki kusikia neno lolote kuhusu masafa ya UHF.

Kule tulikokuwa tunalipia walituma meseji nyingi, kwanza za kukumbusha, baadaye za ofa, halafu ofa kubwa zaidi kwa kifurushi kile kile. Hii ilimfungua macho baba watoto kuliko hesabu zangu zote. Alikaa na simu mkononi akasema "kumbe wangeweza muda wote huu". Kama malipo yako yanakatwa yenyewe kwenye benki au kwenye simu, kayasimamishe huko kwenyewe, usitegemee kwamba ukizima king'amuzi na wao wameelewa. Na soma mkataba kama king'amuzi ni chako au ni cha kuazima maana kuna vinavyotakiwa kurudishwa.

Kuna watu siwashauri kabisa wafanye hivi. Kama uko nyuma ya mlima na majirani wote wana madishi hakuna hata antena moja, majirani wameshakujibu, kwako ni dishi la FTA au ubaki ulipo. Kama nyumbani mpo wawili na wote mnaishi kwa mpira, lipieni tu, mnapata mnachokilipia. Na kama una mgonjwa au mzee asiyetoka ambaye kuna chaneli ya kulipia inayomfurahisha, hiyo sio hela ya kubania.

Dishi nimekataa lishushwe kwa sababu ya kijana. Pendekezo lake ni kwamba turudishe kifurushi kile cha michezo kwa miezi ya mwisho wa ligi tu, halafu tukiache tena, na yeye atachangia nusu. Mi naona sio wazo baya, mfumo wa kulipia kabla hauna anayekulazimisha mwezi unaofuata. Baba yake ameuliza nusu hiyo itatoka wapi. Kijana amesema atajibu msimu ukikaribia.